LIFTI ZIKAGULIWE KILA BAADA YA TETEMEKO



Natoa dukuduku langu juu ya jambo ambalo wengi tunalipuuza, nalo ni usalama wa lifti katika majengo ya ghorofa baada ya tetemeko la ardhi.

Mimi ni mkulima wa Kwakoa, uwandani chini ya milima ya Upare. Huku kwetu hakuna lifti. Pengine msomaji atauliza, basi yanamhusu nini? Yananihusu kwa sababu watoto wetu wanaishi na kufanya kazi katika majengo hayo mijini, nasi tukienda kuwatazama au kufuata matibabu tunayapanda.

Tarehe 12 Agosti 2020 nilikuwa Dar es Salaam kwa mwanangu, ghorofa ya nane. Yapata saa mbili usiku jengo likatikisika. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa karibu 6, lililotokea baharini, kusini-mashariki ya jiji. Watu wengine walikimbilia lifti. Sisi tuliteremka kwa ngazi, mimi na magoti yangu mabovu. Nusu saa baadaye mlinzi alibonyeza kitufe, mlango ukafunguka, akatangaza kuwa lifti ni nzima. Watu wakaingia na watoto wao. Hakuna fundi aliyeitwa. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, lakini kupona kwa bahati si usalama.

Lifti huning'inia kwa kamba za chuma, na upande wa pili wa kamba hizo kuna mzigo mzito kuliko lifti yenyewe ikiwa tupu. Vyote viwili hupita katika reli. Jengo likitikisika sana, mzigo ule waweza kutoka katika reli zake, na lifti ikianza kwenda tena ikagongana nao. Ndivyo ilivyotokea Marekani katika tetemeko la San Fernando, California, tarehe 9 Februari 1971. Mamia ya mizigo hiyo iliacha reli. Ngazi za umeme nazo hazisalimiki, maana katika tetemeko kubwa la Japani la tarehe 11 Machi 2011 baadhi yake ziling'oka zikaanguka ndani ya maduka.

Wenzetu walijifunza. Japani lifti nyingi zina chombo kinachohisi mtikisiko, kikaipeleka lifti kwenye ghorofa ya karibu na kufungua mlango, ili watu watoke. Tarehe 23 Julai 2005 tetemeko la ukubwa wa karibu 6, kama lile letu, lilisimamisha lifti zipatazo 64,000 katika eneo la Tokyo. Lifti ambazo watu walikwama ndani yake zilikuwa 78.

Wako watakaosema Tanzania si Japani. Ni kweli, lakini tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu zaidi ya 15 na kuharibu maelfu ya nyumba. Hata hii milima yetu ya Upare, tulifundishwa shuleni, iliinuliwa na mipasuko ya ardhi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tumeumwa, mbona hatushtuki?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila lifti iwe na tangazo la Kiswahili mlangoni kwamba isitumiwe wakati wa tetemeko. Pili, baada ya mtikisiko mwenye jengo aifunge mpaka fundi aikague, naye mlinzi aelezwe hivyo. Tatu, majengo marefu yanayojengwa sasa yawekewe chombo cha kuhisi tetemeko tangu mwanzo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ambao ndio wakaguzi wa lifti, wayatazame haya.

Fundi kuitwa ni gharama ya siku moja. Mtoto wa mtu hana gharama.

Mkulima,
Kwakoa, Upare.