Picha ya Tumbo Haimalizi Kliniki

Akina mama wanaofika kwetu kupimwa kwa ultrasaundi huuliza mambo mawili: Je, mionzi itamdhuru mtoto? Na je, ni wa kiume au wa kike?

Kipimo hiki hakitumii mionzi kama eksirei. Hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Mama hulala chali, hupakwa jeli ya baridi tumboni, na mpimaji hupitisha kifaa juu ya ngozi. Hakuna sindano. Mimba ikiwa changa, huenda ukaombwa kunywa maji na kubana haja ndogo, kwani kibofu kilichojaa husaidia kizazi kuonekana vizuri.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki ya 24. Mapema hivyo umri wa mimba hukadiriwa vizuri zaidi, na mapacha hutambulika. Kondo la nyuma likionekana limekaa chini, mama hupimwa tena baadaye, maana likiziba mlango wa kizazi hana budi kujifungua kwa upasuaji.

Lakini picha haipimi shinikizo la damu. Mama mmoja alipimwa kwetu akiwa na mimba ya miezi mitatu, akaambiwa mtoto ni mzima. Aliitunza karatasi ile, asirudi tena kliniki. Mwezi wa nane aliletwa usiku akiwa na kifafa cha mimba. Mama alipona, mtoto hatukumpata. Karatasi ilikuwa bado mkobani. Mashine haikukosea. Sisi ndio tuliompa karatasi bila maelezo, na lawama hiyo tunaikubali.

Ndiyo maana twasema: picha ni msaada wa kliniki, si mbadala wake. Shirika hilohilo lilishauri mahudhurio yasiyopungua 8. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba au damu ikitoka, usingoje tarehe yako. Njoo siku hiyohiyo, hata kama picha ilikuwa nzuri.

Nanyi akina baba, msiishie kuuliza jinsia. Ulizeni: mimba ina wiki ngapi, kondo liko wapi, na mama arudi lini? Msiondoke kabla hatujawajibu.