Kichupa Kifunguliwe

Mama amefika zahanati saa moja asubuhi, mtoto wa miezi tisa mgongoni, kadi ya kliniki kaifunga kwenye pindo la kanga. Saa nne anaambiwa: "Mama, watoto hawajatimia, rudi wiki ijayo." Kichupa cha chanjo ya surua na rubella kina dozi kumi, na kikishachanganywa na maji yake, kinachobaki baada ya saa sita hutupwa. Mhudumu anaogopa kumwaga dozi tisa. Mama anakaza mbeleko, anaondoka. Wiki ijayo ni ya kupalilia.

Kumrudisha mtoto huyo ni kuvunja wajibu, na hatutalipamba neno. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: kichupa kifunguliwe hata akija mtoto mmoja. Dozi zinazomwagika huwekwa kwenye makadirio tangu mwanzo. Mtoto aliyerudishwa haandikwi popote, hadi siku atakapolazwa.

Surua haina subira. Virusi vyake husafiri kwa hewa, na huweza kubaki chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Katika jamii isiyo na kinga, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18. Huanza kuambukiza siku nne kabla ya upele, wakati mzazi anaona mafua na macho mekundu tu, naye anampeleka mtoto chekechea kama kawaida. Wapo wanaosema ni ugonjwa wa kila mtoto, utapita. Mdharau mwiba mguu huota tende: surua huleta nimonia, hupofusha, na huua.

Mwili wa mtoto unaweza kupigana nayo, ukiandaliwa. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, lakini akiba hiyo huisha katika mwaka wa kwanza. Chanjo humpa virusi vilivyodhoofishwa. Chembe nyeupe za damu huvitambua, hutengeneza kingamwili, na baadhi yake hubaki zikimkumbuka adui. Kumbukumbu hiyo haichakai upesi. Mwaka 1846 surua ilipovamia visiwa vya Faroe, daktari Peter Panum aliwakuta wazee waliougua katika mlipuko wa 1781 wako salama katikati ya wagonjwa, miaka 65 baadaye.

Ni kumbukumbu hiyohiyo ambayo surua huishambulia. Utafiti uliochapishwa 2019, juu ya watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa wakaugua surua, ulionyesha kwamba walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto amepona surua, lakini magonjwa aliyokwisha kuyashinda yanaweza kumrudia.

Dozi ya miezi tisa peke yake haitoshi. Watoto wapatao 15 katika kila 100 hubaki bila kinga. Kwa sababu hiyo Tanzania iliongeza dozi ya pili mwaka 2014, katika umri wa miezi 18. Ndiyo inayosahauliwa: mtoto anakimbia, anakula ugali, na kadi iko chini ya godoro. Ili surua ikose njia, watoto 95 katika kila 100 wapate dozi zote mbili.

Basi kila mmoja abebe mzigo wake. Mganga mfawidhi amwambie mhudumu wake wazi kwamba hataulizwa kwa dozi iliyomwagika, ataulizwa kwa mtoto aliyerudishwa. Halmashauri ihakikishe jokofu la chanjo halizimiki, na pikipiki ya kwenda vijiji vya mbali haikosi mafuta. Hazina itoe fedha za chanjo kabla stoo haijakauka. Mwenyekiti wa mtaa ajue nyumba zenye watoto wa miezi 18. Na baba, mwenye nauli mfukoni, asiseme kliniki ni kazi ya mama. Leo usiku aitoe kadi, aisome tarehe iliyoandikwa.

Mama yule akirudi baada ya palizi, na hata akiwa peke yake kwenye benchi, asiulizwe wenzake wako wapi. Kichupa kifunguliwe.