Serikali yapima mabango, nani ayasome?

Msafiri atokaye Mombasa kuelekea Nairobi kwa barabara huchoshwa na nyika kwa muda mrefu kabla ya kuchoshwa na maandishi. Baina ya Voi na Mtito Andei bado lipo pori la kutazama. Lakini kadiri anavyoukaribia mji mkuu, ndivyo mabango yanavyozidi kusongamana pande zote mbili za barabara: saruji, mabati, simu, benki, vyuo, mikopo ya haraka na, uchaguzi unapowadia, nyuso za waheshimiwa zikitabasamu juu ya vumbi. Mji wa Mlolongo ulipata jina lake kutokana na malori yaliyopanga foleni kusubiri kupimwa uzani. Siku hizi jina hilo lingeyafaa mabango vilevile.

Mjadala kuhusu mabango haya hapa nchini aghalabu huwa ni mjadala wa fedha. Nani atoze ada? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa Serikali ya kitaifa barabara kuu, nazo kaunti zikapewa udhibiti wa matangazo ya nje. Kabla ya hapo, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa imekwisha kuunda mamlaka tatu, mojawapo ikiwa ile ya barabara kuu, KeNHA, iliyo mlinzi wa hifadhi ya barabara, yaani kile kipande cha ardhi kilichoachwa kandokando ya lami. Basi bango likisimikwa kwenye hifadhi hiyo, miguu yake imo katika ardhi ya Serikali ya kitaifa na maneno yake yamo mikononi mwa kaunti. Si ajabu kwamba pande hizo mbili zimekuwa zikivutana, naye mwenye bango akibanwa na huyu huonyesha stakabadhi ya yule. Vita vya panzi, walisema wahenga, ni furaha ya kunguru.

Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza lugha, limo jambo katika Jedwali hilo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko ada. Waandishi wa Katiba hawakuyaweka matangazo ya nje pamoja na biashara, ingawa biashara nayo ni jukumu la kaunti na imetajwa mahali pake. Waliyaweka katika mstari mmoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyinginezo za umma. Ujirani huo wa maneno si wa bahati nasibu. Kwa jicho la Katiba, bango ni jamaa ya moshi na makelele: ni kitu kinachomfikia mtu bila yeye kukitaka. Gazeti hili umelinunua, msomaji, na redio waweza kuizima. Bango halina kitufe.

Na kwa kuwa halina kitufe, mtu angetarajia kwamba wanaotoa kibali watalisoma kabla hatujalazimishwa kulisoma sisi. Wapi! Maswali yanayoulizwa ni ya fundi wa vyuma. Urefu ni mita ngapi? Upana je? Liko umbali gani kutoka kwenye lami? Ada imelipwa? Hayo yote ni maswali halali, kwa maana bango likiangushwa na upepo huua. Lakini kilichoandikwa juu ya bango hakimhusu mtu, isipokuwa pale mzozo wa maadili unapozuka, kama ilivyokuwa mwaka 2019 Serikali ilipotaka kuyapiga marufuku matangazo ya kamari barabarani na suala hilo likaishia mahakamani.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Matatu au basi haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo halali, linakwenda zaidi ya mita 22 kila sekunde. Chukua bango ambalo maandishi yake yanaanza kusomeka mita 150 kabla ya kulifikia. Dereva ana sekunde zisizotimia 7, na katika sekunde hizo hizo anatakiwa amtazame pia bodaboda anayechomoza kushoto na lori lililozimika mbele bila taa. Anayekwenda kilomita 110 kwa gari dogo hana hata sekunde 5. Nimepata kuhesabu maneno ya bango moja katika barabara ya Thika: yalizidi 30, mbali na nambari ya simu. Aliyeliandika alidhani anaandika ukurasa wa gazeti. Siku hizi yapo pia mabango ya umeme yanayobadilisha ujumbe dereva akiwa katikati ya sentensi, na usiku yanang'ara kuliko taa za magari.

Linganisha na mama muuza viazi wa Soko Mjinga, katika barabara ya kuelekea Naivasha. Ubao wake una neno moja, limeandikwa kwa herufi kubwa za mkono. Dereva wa lori hulisoma mapema, akapunguza mwendo na kuegesha salama. Mama huyo amefuzu mtihani ambao kampuni zenye idara nzima za matangazo zinaufeli. Na bado, operesheni ya kusafisha barabara inapoanza, ubao wake ndio huwa wa kwanza kurushwa katika gari la askari.

Hata hivyo, wingi wa maneno si kosa kubwa kuliko yote. Kosa kubwa ni namna maneno hayo yanavyogawanywa kati ya lugha mbili. Tazama mabango ya mikopo, ya bahati nasibu, ya viwanja vinavyouzwa kwa malipo ya polepole. Ahadi imeandikwa kwa Kiswahili, au kwa Sheng iliyokolea, kwa herufi zenye kimo cha mtu mzima: pesa sasa hivi, shamba ni lako, ushindi uko karibu. Chini kabisa, kwa herufi zisizozidi kiganja, pana mstari wa Kiingereza. Huo ndio wenye masharti. Mwananchi anavutwa kwa lugha aliyozaliwa nayo au aliyokulia sokoni, kisha anafungwa kwa lugha ya wanasheria ambayo hata angeijua vyema asingeweza kuisoma akiwa ndani ya matatu.

Si suala la ladha ya lugha hili. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidi bidhaa na huduma, na kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya heshima. Kifungu cha 7 nacho kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Maelezo yaliyopo lakini hayasomeki ni sawa na maelezo yasiyokuwapo. Serikali yenyewe si mfano mwema katika hili: inapomwonya dereva wa lori kwamba mteremko mkali uko mbele, aghalabu humwonya kwa Kiingereza.

Wenzangu wengine hunijibu kwamba dawa ni kuyalazimisha mabango yote yawe ya Kiswahili. Sikubaliani nao. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilijaribu njia hiyo mwaka 1977 kwa kuamuru kwamba maandishi ya biashara yawe ya Kifaransa pekee. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliitangua amri hiyo mwaka 1988, na mwaka 1993 sheria ikalegezwa: lugha nyingine zikaruhusiwa mradi Kifaransa kitawale. Kiswahili hakikuenea kutoka pwani hadi Kongo kwa amri ya polisi. Wala sidai kwamba tufuate jirani wa Quebec, jimbo la Vermont nchini Marekani, lililoyapiga marufuku mabango ya biashara kandokando ya barabara zake mwaka 1968 na kuacha vibao vidogo rasmi vya kumwelekeza msafiri penye hoteli au duka. Ingawa nakiri kwamba ninapopita Mlolongo saa za jioni, Vermont hunitamanisha.

Ninachodai ni kidogo zaidi. Lugha iliyobeba ahadi ndiyo ibebe masharti, na kwa herufi ambazo jicho la abiria linaweza kuzipata. Masharti yakiwa marefu mno, ahadi ipunguzwe hadi yatoshee, au isiandikwe barabarani kabisa. Kampuni zitalalamika kwamba nafasi haitoshi. Nafasi ipo, ila wanaandika vibaya. Kiswahili kina kitenzi kimoja kama "tumehama", chenye mtenda, wakati na tendo ndani ya herufi nane tu. Lugha yenye uwezo huo imeumbwa kwa ajili ya barabara. Lakini badala ya kumwajiri mtu anayeijua, wanachukua tangazo lililobuniwa kwa Kiingereza na kulitafsiri neno kwa neno, hata msomaji hapati maana mpaka alirudishe kwa Kiingereza kichwani mwake. Vijana wanaohitimu idara zetu za Kiswahili kila mwaka wako tele, na wengi wao hawana kazi.

Kaunti na KeNHA na waendelee kugawana ada wapendavyo. Katika fomu ya kuomba kibali waongeze ukurasa mmoja tu: maneno yote ya tangazo, kimo cha herufi iliyo ndogo kuliko zote, na lugha ya kila sehemu. Kisha afisa apakizwe kwenye matatu yenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, apitishwe mbele ya mfano wa bango hilo mara moja, na aulizwe masharti yalisema nini. Akishindwa kujibu, kibali kisitolewe.