Reli Fupi, Faida Ndefu

Wapo wasemao kazi isiyo na mshahara ni ya wajinga. Mimi nakataa katakata! Tazameni Dromod, kijiji cha Ayalandi. Reli nyembamba ya Cavan na Leitrim, iliyofunguliwa mwaka wa 1887 na kubeba makaa ya mawe ya Arigna, ilifungwa mwaka wa 1959, vyuma vikang'olewa. Katika miaka ya 1990 watu wa kujitolea wakatandaza tena kipande kifupi. Mtaniuliza, reli isiyofika mbali ina faida gani? Faida ni ujuzi! Mzee anayejua injini ya mvuke akifa kabla ya kumfundisha kijana, tutaununua wapi ujuzi wake? Basi wenzangu, tukiitwa kujitolea, tusiulize kwanza, "Tutalipwa ngapi?" Tuulize, "Tutajifunza nini?"