Mbinga Inahitaji Coaster Kabla ya Uwanja wa Ndege

Kutoka Dar es Salaam hadi Songea kwa mstari ulionyooka ni kilomita 580 hivi, na Q400 ya Air Tanzania huzimaliza kwa saa moja na nusu au pungufu. Kwa barabara ya Morogoro, Iringa na Njombe unazidi kilomita 900. Ukiishia hapo, ndege imeshinda.

Lakini mtu wa Mbamba Bay haishii Songea. Hadi Mbinga ana kilomita kama 100, na kuteremka ziwani ana 66 nyingine. Lami ipo njia nzima, na waliopita huko enzi za tope wanaijua thamani yake. Milima ya Umatengo, hata hivyo, haitaki haraka: kona juu ya kona, gari likishuka kutoka zaidi ya meta 1,300 hadi ufukwe ulio chini ya meta 500. Kwa gari la abiria linalosimama Kigonsera kupakia magunia, kilomita hizo 166 hula muda mrefu kuliko zile 580 za angani.

Tena magari ya Mbinga hayaanzii uwanjani. Uwanja uko Ruhuwiko, upande wa kuelekea Mbinga, lakini asiye na wa kumpokea huchukua bajaji kwenda stendi, akasubiri gari lijae, kisha akarudishwa upande uleule aliotokea. Mwenzake aliyepanda basi la moja kwa moja Dar–Mbinga amelala kitini usiku kucha, na ndoo yake ya dagaa haikupimwa kilo.

Je, basi limetosha? Hapana. Mgonjwa wa rufaa ya Muhimbili na mfiwa anayewahi mazishi hawana usiku kucha wa kupoteza. Ila anayedai Mbinga ijengewe uwanja wake ajiulize abiria watatoka wapi. Ni walewale wanaoijaza ndege ya Songea. Ukiwagawa, kila uwanja utabaki na safari chache zaidi, na tiketi haitashuka.

Umbali wenyewe, kwa kweli, hausemi mengi. Songea na Mzuzu, ng'ambo ya ziwa nchini Malawi, ziko kilomita 190 tu angani, lakini hakuna ndege ya abiria inayoziunganisha. Wa Mbamba Bay anayekwenda huko anaitazama meli ya Nkhata Bay, si anga.

Kwa hiyo halmashauri za Mbinga na Nyasa ziwaite wenye Coaster na shirika la ndege wakae meza moja: kila siku ya ndege, gari lisubiri Ruhuwiko, nauli ijulikane, liende hadi Mbamba Bay bila kurudi stendi. Likianza hilo, ndipo tuzungumzie uwanja mpya.