Kompyuta haijachoka, imeambiwa isubiri

Wadau, samahanini kwa ukimya. Wiki mbili za tesiti zimenimaliza, hata blogu yangu mwenyewe nilikuwa naiona kwa mbali. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira.

Hasira yenyewe inatoka maabara ya kompyuta. Sisi tusio na laptop (bumu lina kazi nyingi jamani, tusisutane) tunatumia mashine zile kwa zamu ya saa moja moja. Umeme ukicheza kidogo tu zote zinazima, zote zinaanza upya. Na zinavyoanza sasa! Unabonyeza, skrini inakuwa nyeusi, unasoma meseji zako zote kwenye simu, bado nyeusi. Juzi umeme ulikatika mara tatu ndani ya zamu yangu, na andalio la somo nililotakiwa kukabidhi jioni ile lilikuwa halijafika nusu. Nikamlalamikia fundi, akanipa lile jibu la siku zote: "Vumilia mdogo wangu, hizi kompyuta zimechoka."

Mimi nasema hapana. Zimechoka wapi? Ikishawaka inafungua mafaili vizuri tu. Hivi kweli kuna kitu kinachoka dakika moja ya kuamka, halafu kutwa nzima kina nguvu?

Mashine zile zinatumia Linux. Nikambembeleza fundi aandike dmesg, amri inayoonyesha shajara ya keneli, yaani kile kiini cha mfumo, tangu ilipoamka, kila mstari na sekunde zake pembeni. Hadi diski ilionekana mapema kabisa, haikuwa na tatizo. Tatizo ni ata2, mlango wa pili wa SATA. Keneli inasema kifaa kinachelewa kujibu, kuweni na subira. Inakigutusha upya. Hakijibu. Inakigutusha tena. Sekunde zinakwenda, mpaka dakika nzima inakatika ndipo inaandika kwamba imekata tamaa. Tukafungua kasha: CD-ROM iliyokufa miaka mingi iliyopita, waya bado umechomekwa. Ndugu zangu, kila asubuhi kompyuta ile ilikuwa inamgongea marehemu mlango!

Sasa sikilizeni, maana dakika ile haikutoka hewani. Imeandikwa. Katika keneli ya Linux kuna sehemu inaitwa libata, inayosimamia diski za ATA na SATA, na ndani ya faili lake la kushughulikia makosa kuna orodha ya namba nne: sekunde 10, sekunde 10, sekunde 35, sekunde 5. Jumlisha mwenyewe, ni 60. Waandishi wake wameweka na maelezo pembeni: diski nyingi huwa zimeshazunguka ndani ya 10 za kwanza, zaidi ya asilimia 99 ya zilizo nzima huwa tayari kabla ya 20, zile 35 ni za wachelewaji wa ajabu, na 5 za mwisho ni nafasi ya huruma. Kwa hiyo wenyewe wanakiri kwamba baada ya sekunde ya 20 karibu kila kilicho hai kimeshajibu, na bado zinabaki 40 za kusubiri.

Najua kuna wajuaji watasema: basi futa kusubiri kote. Hao nao siwaungi mkono. Mimi nasomea ualimu, siwezi kusema mwanafunzi mzito afukuzwe darasani. Hadi diski kubwa ya zamani ni chuma kinachozunguka, inahitaji muda kweli. Na kwenye flashi ni hivyo hivyo. Draiva ya usb-storage ina kipimo kinaitwa delay_use, muda wa kutulia kabla kifaa kipya hakijachunguzwa. Kwa miaka mingi kilikuwa sekunde 5, yaani flashi yako nzima inasubiri 5 kwa sababu ya flashi mbovu ya mtu mwingine. Baadaye kikashushwa hadi 1, na mwaka 2024 ikaruhusiwa kukiandika kwa milisekunde. Vijana wanaambiana weka 0 umalize kazi. Weka, halafu siku unachomeka diski ya nje inayoamka polepole, isionekane, uanze kulaumu waya.

Kwa hiyo ugomvi wangu si kwamba keneli inamsubiri mzito. Ugomvi wangu ni kwamba wanasubirishwa wote. Chukulia mwalimu anaita mahudhurio. Anaita jina, kimya. Anasimama dakika nzima anatazama mlango, na wanafunzi 45 waliopo wamekaa na madaftari wazi. Mwalimu gani huyo? Mkaguzi akimkuta si aibu!

Na wenye keneli wanalijua hili zamani. Mwaka 2007, toleo 2.6.20 lilileta uchunguzi wa diski za SCSI kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine. Mwaka 2008 Arjan van de Ven na Auke Kok wa Intel walionyesha huko Portland, Marekani, kale ka-laptop ka Asus Eee PC kakiwaka kwa sekunde 5. Hawakusema "tupunguze kidogo kidogo". Walipanga bajeti kwanza, keneli wakaipa sekunde 1, basi. Mwaka 2009, toleo 2.6.29 likaja na namna ya draiva kufanya kazi zake sambamba. Safi sana. Lakini kabla ya kupachika diski ya mfumo, keneli bado inasimama mlangoni inasubiri waliotumwa warudi wote, na mmoja kati yao kwetu ni marehemu.

Wakati dawa imo humo humo! Kuna maagizo mawili ya kuwashia, rootdelay na rootwait. La kwanza linasema subiri sekunde kadhaa, hata kama diski iko tayari. La pili linasema subiri mpaka diski ionekane, ikionekana twende. Kwa nini roho ile ya rootwait isiwe ndiyo kawaida? Diski yenye mfumo imeshajibu, pachika, endelea, huyo wa mlango wa pili akiamka atatukuta darasani.

Basi bwana, fundi akauzima mlango ule wa pili kwenye maagizo ya kuwashia. Tukawasha. Giza likaja na kuondoka kabla sijatoa simu mfukoni. Fundi akacheka peke yake, akasema "kumbe!"

Zimebaki mashine 11 zenye CD-ROM kama ile. Kwa wenzangu mnaosema "si ununue tu laptop", Jumamosi saa tatu asubuhi njooni maabara. Bisibisi zipo mbili, ya tatu aje nayo mwenye nayo.