AKUPAYE BUNDUKI HUKUCHAGULIA ADUI

Wako ndugu zetu wasemao ya kwamba habari za mabomu ya nyuklia si habari za mkulima wa pamba wa Sola. Husema, "Hayo ni mambo ya Washington na Moscow, sisi tuulize bei ya pamba." Bei ya pamba tutaiuliza, tena kwa sauti kubwa. Lakini si kweli kwamba bomu halituhusu.

Bomu lililoiteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti, 1945, lilitengenezwa kwa urani ambayo sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, huko Katanga, kwa jirani zetu wa Kongo. Mwafrika aliyeichimba chini ya Mbelgiji hakuulizwa wala hakuambiwa inakwenda wapi. Tarehe 13 Februari, 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika jangwa la Sahara, ingawa Waafrika walikataa kwa sauti kubwa. Makaburu nao waliunda mabomu sita kwa siri, na dunia haikuambiwa mpaka mwaka 1993, yalipokuwa yamekwisha kuvunjwa. Basi bomu limekwisha kupita Afrika, na lilipita bila kubisha hodi.

Tena nchi yetu ilifundishwa mapema maana ya kuazima ulinzi. Mwezi Januari, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na serikali yetu changa ikalazimika kumwita Mwingereza, mtawala wa juzi, aje kuwanyang'anya silaha. Mwalimu Nyerere hakuificha aibu hiyo. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka ule ule likazaliwa Jeshi la Wananchi.

Jeshi jipya lilihitaji walimu, na Ujerumani ya Magharibi ilikuwa ikitusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Lakini Zanzibar, kabla ya Muungano, ilikuwa imeitambua Ujerumani ya Mashariki. Bonn ikataka tuwafukuze hao wengine. Serikali yetu ikatafuta njia ya katikati: Wajerumani wa Mashariki wawe na ofisi ya konseli tu mjini Dar es Salaam, bila kutambuliwa kuwa dola. Haikutosha. Mwezi Februari, 1965, Bonn iliwaondoa walimu wake wa kijeshi ghafula, ili tuone njaa na tupige magoti. Mwalimu akawajibu wachukue na misaada yao mingine yote. Mwezi Desemba mwaka ule ule tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni 7,500,000 ukazuiliwa.

Hatusemi kwamba tulishiba siku zile. Hasara ilikuwa ya kweli, nayo aliibeba mwananchi. Lakini tuliona pia kwamba mlango mmoja ukifungwa, dunia haikufungwa. Kanada ilikuja kufundisha, Wachina wakaja kufundisha, wala hakuna aliyepewa haki ya kutuchagulia marafiki. Na Iddi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, jeshi hilo hilo lilimtoa, na mwezi Aprili, 1979, likaingia Kampala.

Watatuambia wenye busara ya tumbo kwamba nyakati zimebadilika, na kwamba kutofungamana na upande wowote ni kiburi cha maskini. Sisi twawaomba waitazame Djibouti. Nchi hiyo, ambayo ukubwa wake wakaribia ule wa Mkoa wetu wa Simiyu, imekaribisha vituo vya kijeshi vya Ufaransa, Marekani, Japani, Italia, na tangu mwaka 2017, China. Hatuwacheki ndugu zetu. Kila mtu ajua ugumu wa nyumba yake. Twauliza tu: wapangaji wawili wakianza kupigana, ni nyumba ya nani itakayobomoka?

Na kuna sababu ya kuuliza. Mkataba wa mwaka 2010 uliowawekea Marekani na Urusi kikomo cha vichwa 1,550 vya nyuklia kila mmoja ulifikia ukomo wake mwezi Februari, 2026. Sisi nasi tunayo urani, kule Mkuju, wilayani Namtumbo. Mwaka 2025 mtambo wa majaribio wa kuichakata ulizinduliwa, chini ya kampuni ya shirika la Rosatom la Urusi. Hatuupingi mradi huo. Urani huwasha taa kama iwezavyo kuchoma miji. Lakini Mkataba wa Pelindaba wa mwaka 1996, unaolifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, wataka ukaguzi wa kimataifa kwa nchi zisizo na bomu zinunuapo urani yetu. Kwa wale ambao tayari wana bomu, mkataba hauweki sharti kama hilo. Pengo hilo hatuna budi kuliziba wenyewe.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa kuuza urani, mnunuzi awe Mrusi, Mmarekani au Mchina, uandike wazi kwamba ni kwa kazi ya amani tu. Pili, mapatano makubwa ya ulinzi yapelekwe Bungeni, kwa maana ibara ya 63 ya Katiba yalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Tatu, matawi ya chama yazungumze mambo haya, Sola kama Dar es Salaam.

Mwaka 1984 Mwalimu aliungana na viongozi wa India, Sweden, Ugiriki, Mexico na Argentina kuyataka mataifa makubwa yasimamishe mashindano ya silaha za nyuklia. Kati ya hao hakuna aliyekuwa na jeshi la kutisha dunia. Walisikilizwa kwa sababu hawakuwa mali ya mtu.

Walimu tutawakaribisha, na wanunuzi tutawakaribisha. Bwana hatumtaki.